Sauti Alizowekewa Shivachi

Kwa karibu miaka minne Shivachi alizunguka Kawangware na kisanduku cha kijivu kwenye mfuko wa shati, waya mmoja ukipanda kutoka mfukoni hadi sikio la kulia. Asiyemjua alidhani ni redio. Jumamosi alasiri vijana walikuwa wakimsimamisha njiani, "Mzee, ni ngapi ngapi?" naye, kwa kuwa hakupenda kumwacha mtu bila jibu, alisema, "Bado sare." Jina likamganda. Mtaa ukamwita Mzee Redio.

Haikuwa redio. Kilikuwa kifaa cha kusikia, aina ya Halvik, jina lenyewe limeandikwa kwa herufi nyeupe juu ya kisanduku. Bila hicho, ungeweza kusimama nyuma ya Shivachi ukapiga ngoma na asigeuke.

Kilichomla masikio ni kazi. Alitoka Vihiga akiwa kijana, akapata kazi ya kuendesha kisiagi, na kwa miaka mingi akasaga mahindi ya watu akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwenye injini ya dizeli. Hakuna aliyemwambia azibe masikio, na hata angeambiwa angecheka. Kwanza ndege walinyamaza. Halafu kengele ya kanisa. Halafu sauti za watoto, za wanawake, na mwisho za wanaume. Ikafika mahali akawa anajua injini imeshika kwa kutetemeka kwa nyayo zake tu, na wateja wakawa wanamwonyesha kwa vidole kama wanataka unga laini au wa kukwaruza.

Aliyemtoa kwenye kimya hicho, mwaka wa tisini, ni Mukai. Mukai alikuwa fundi wa vifaa vya kusikia, mwanamke mfupi mwenye haraka, na mara mbili kwa wiki alifungua kliniki ndogo katika ukumbi wa kanisa upande wa Silanga, Kibera. Alimpima Shivachi, akamchongea kipira cha kuingia sikioni, akamvisha Halvik. Siku hiyo Shivachi alilia mbele za watu. Akarudi kazini, akajifunza kuzungusha kigurudumu cha sauti kwa kidole gumba: injini ikiwaka anakizima, injini ikizimwa anakifungua. Kidole chake kilikuwa kinene, kimejaa unga, lakini kigurudumu nacho kilikuwa kikubwa. Betri ilikuwa ileile ya tochi ndogo, unaipata kwenye kioski chochote. Kikianguka, unakipangusa vumbi, unaendelea na maisha.

Lakini miaka ilivyopita akaanza kuona haya. Ule waya. Lile jina la Mzee Redio. Kanisani alikuwa akiufunika kwa kola ya koti, na picha zikipigwa anageuza upande wa kushoto.

Basi mwaka wa tisini na nne, Omolo, mume wa binti yake Sella, akaja na kitu ndani ya leso. Omolo alikuwa akitunza bustani ya watu fulani huko Lavington, na wenye nyumba walipohama walimwachia vitu kadhaa, kimojawapo kifaa cha kusikia cha mama yao aliyekuwa amefariki. Kilikuwa kidogo kama haragwe, rangi ya ngozi ya kizungu, jina lake Miralto.

"Baba, hiki unakaa nacho nyuma ya sikio, hakuna mtu atajua," Omolo alisema, akikiinua kwenye mwanga. "Hii ndiyo ya kisasa. Hiyo ingine ni ya kitambo sana."

Shivachi alikivaa mbele ya kioo. Alijiona mtu wa kawaida, mtu asiye na waya. Kesho yake alifunga safari hadi Silanga, akamkabidhi Mukai ile Halvik.

"Mpe mwingine," alisema kwa madaha. "Mimi nimehama."

Mukai alimtazama. "Mzee Shivachi, si ungekaa nayo kwanza mwezi mmoja?"

"Nimehama," akarudia.

Ile Miralto ilikuwa ikipiga mbinja. Akitafuna, inapiga. Akicheka, inapiga. Akimwinamia mtoto kumsalimu, inapiga hadi mtoto anakimbia. Mukai alimchongea kipira kipya, na mbinja zikapungua, ila unga haukupungua. Unga wa kisiagi ni mwepesi kama moshi. Uliingia kwenye kitundu cha kifaa kile ukakiziba, akawa kila jioni anakichokonoa kwa sindano. Betri zake zilikuwa kama vidonge, zinauzwa katika duka moja tu mjini, na hazimalizi wiki. Moja ilimponyoka ikatumbukia kwenye pumba, na wateja wanne wakainama pamoja naye kuitafuta kama watu wanaotafuta pete. Baada ya miezi minane kifaa kilitoa mlio mwembamba, kikafa.

Angerudi kwa Mukai wakati huo, lakini uso angeuweka wapi? Badala yake alienda River Road, akanunua kwa mchuuzi kidude kisichokuwa na jina, ambacho mchuuzi aliapa kwa mama yake kwamba hata mchwa akitembea utamsikia. Kweli kilisikia. Kilisikia kila kitu kwa ukubwa uleule: kijiko kikianguka na lori likipita vilikuwa kitu kimoja. Kanisani mtu wa benchi la nyuma alipiga chafya, Shivachi akainuka kutoka kitini. Wiki ya pili kidude kikapata moto sikioni mwake, akakitupa kwenye ndoo ya maji.

Hapo akajiambia yamekwisha. Akarudi kwenye kimya, na safari hii akakaa humo zaidi ya mwaka.

Mkewe Annet alizoea. Alikuwa akienda Lavington siku tatu kwa wiki kufua nguo za watu, na jioni anamkuta mumewe ameketi kwenye kigoda mlangoni, uso nje, kwa sababu moshi wa jiko ulimchoma macho. Akitaka kumwambia kitu alimgusa bega, akasubiri ageuke, halafu akatamka polepole mbele ya uso wake. "Kula." "Mvua." "Sella amekuja." Shivachi hakuona tofauti kubwa. Hata enzi za Halvik Annet hakuwa mtu wa maneno. Tangu amwoe, mwaka wa sabini na mbili, alimjua kuwa mwanamke wa "ndiyo," "sijui," na "tutaona," na alikuwa akiwasifia wenzake jambo hilo: nyumba yake haina kelele.

Kilichomtoa kwenye kimya mara ya pili ni mjukuu. Julai ya tisini na sita, Jumapili moja ya baridi, Annet akiwa bado kanisani, Sella alikuja na Daisy, mtoto wa miaka mitatu. Daisy alisimama mbele ya babu yake akamweleza habari ndefu, mikono ikienda huku na huku, na Shivachi akawa anatikisa kichwa na kutabasamu, "Ndiyo! Ndiyo, mama!" Mtoto akaeleza tena. "Ndiyo!" akasema babu. Mara uso wa mtoto ukakunjamana, akaanza kulia kwa nguvu, na Sella alipokuja mbio akamvua kiatu. Ndani kulikuwa na msumari mdogo uliotoboa soli, na soksi ilikuwa na damu.

Shivachi aliitazama ile soksi kwa muda mrefu. Kisha akamwambia binti yake kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, "Kesho kutwa nitakuja kwenu. Unipeleke kwa Mukai."

Walipoingia ukumbini Jumanne ile, Mukai alikuwa peke yake, amevaa sweta mbili. Hakumwuliza alikuwa wapi. Alichukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa: ILE YAKO IKO NA MAMA MMOJA WA MTAA WA LAINI SABA. ANASHONA NGUO. HAIRUDI.

Shivachi akainamisha kichwa. "Ni haki yake," alisema.

Mukai akaandika tena: LAKINI NGOJA.

Alifungua kabati la chuma, akatoa boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na kisanduku cha kijivu chenye herufi nyeupe. Shivachi alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kipya, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake: kigurudumu pale pale pa kidole gumba, kifuniko cha betri kinachohitaji kusukumwa kwa ukucha, ile kona ya chini iliyopindwa kidogo ili isichane mfuko. Ilikuwa kama kuona mwandiko wa ndugu kwenye bahasha.

"Kumbe bado wanazitengeneza?" aliuliza.

Mukai alimsogelea, akamweka kipira sikioni, akachomeka waya, akazungusha.

Kwanza Shivachi alisikia shati lake mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kikikwaruza kisanduku kila alipovuta pumzi, krrr, krrr, kelele ambayo zamani ilimkera, na sasa alivuta pumzi kwa makusudi ili aisikie tena. Halafu akasikia kalamu ya Mukai ikigusa meza. Halafu bati la paa likalia *tak*, kama linavyolia wingu likifunguka na jua likiligusa kidogo. Akatazama juu. Likalia tena.

"Bado wanazitengeneza," Mukai alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Wale wengine wanabadilisha sura kila mwaka. Hawa hata rangi hawajabadilisha. Unanisikia, mzee wangu?"

"Nakusikia," Shivachi alisema, na akashtuka, kwa sababu alikuwa amejisikia na yeye pia. "Mukai, mimi huwa napiga kelele hivi?"

Sella akacheka. Shivachi akageuka kumtazama binti yake akicheka, akamwomba acheke tena, lakini Sella alikuwa tayari anapangusa macho.

Alikataa kusindikizwa. Sella akabaki kwake Silanga na Shivachi akaondoka kwa miguu, kofia ya sufu imefunika masikio kwa sababu ya baridi, kisanduku ndani ya sweta. Safari ya saa moja na nusu ilimchukua saa tatu. Chini ya Nyayo Highrise alisimama kama mtu aliyepotea: nguo zilizoanikwa kwenye roshani, ghorofa baada ya ghorofa, zilikuwa zikipigwa na upepo, na alizisikia zote, shuka nzito zikipiga polepole na nguo za watoto zikipiga haraka. Hakuwa amewahi kujua kwamba jengo lile lina sauti. Alipita kwa mama anayekaanga mandazi akasikia mafuta yakipokea unga. Mkokoteni wa maji ulipita, gurudumu moja likilia kila mzunguko, naye akaufuata hadi mwenye mkokoteni akageuka kumtazama vibaya. Ndani ya choo cha mabati mtu alikuwa akiimba wimbo wa kanisa, tena kwa sauti ya tatu ya kwaya, bila haraka, kana kwamba yuko kwake. Shivachi akavua kofia kidogo, akairudisha.

Alifika nyumbani jioni. Chumba chao kilikuwa kimoja, katika ploti ya vyumba kumi na viwili, na Annet alikuwa amechuchumaa kwenye jiko, mgongo mlangoni, akisubiri maji ya ugali yachemke. Shivachi alikuwa amepanga njia nzima jinsi atakavyomwambia. Angemwita jina lake kwa sauti ya chini, naye angejua. Akakaa kwenye kigoda chake, uso nje kama kawaida, ili kwanza ashike pumzi.

Nyuma yake, bila kugeuka, Annet akasema kwa lugha ya kwao, "Umechelewa leo, mzee. Lakini nimekuwekea."

Shivachi akatafuta kwa macho sahani iliyofunikwa. Hapakuwa na sahani.

"Leo ni watatu," Annet aliendelea. "Tuanze na nani? Wacha tuanze na Muia."

Na ndani ya chumba kile ikatokea sauti ya Muia. Muia alikuwa msimamizi wa ploti na wa bomba lake la maji, mtu wa kusemea puani na kuvuta maneno kama anayateka kisimani. "Akina mamaaa," ilisema ile sauti, "maji ni ya Mungu, sikatai, lakini huu mfereji Mungu aliniachia mimi. Huyu amejaza ndoo tatu. Tatu! Anaogesha ng'ombe?" Shivachi aliruka kidogo pale kigodani, akachungulia uani kumtafuta Muia. Uani kulikuwa na kuku tu.

Kisha Muia akaenda, akaja Nalianya wa chumba cha tano, ambaye alipokuja kuomba chumvi alianza na hali ya watu wa Bungoma, akapitia mazishi mawili, mvua, mguu wa shemeji yake, na baada ya kuaga na kufika mlangoni ndipo akakumbuka, "Ai, dada, na si unigawie kachumvi kidogo." Kila sauti ilikuwa na pumzi zake, na vikohozi vyake. Annet alikuwa akicheka peke yake katikati, kicheko kidogo cha kooni, kama maji yanayotoka kwenye chupa.

"Na wa tatu ni yule mtoto wa kule ninakofua," alisema. "Leo amepiga kile kinanda chake bila kukosea. Nimeacha mikono ndani ya povu nikasikiliza. Ulitakiwa uwe pale. Ilienda hivi."

Akaanza kuimba bila maneno, kwa pua, wimbo ambao Shivachi hakuujua, unaopanda kama mtu anayepanda ngazi na kusimama kila daraja kutazama nyuma. Mwiko ulikuwa umeanza kuzunguka kwenye ugali na wimbo ukaenda na mwiko. Shivachi alishika magoti yake. Miaka ishirini na nne. Alikuwa amelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka ishirini na nne.

Wimbo ukaisha. Annet alinawa mikono, akapakua, akaja, akamgusa bega. Shivachi akageuka. Mkewe alikuwa na ule uso wa kila siku, uliotulia. Akatamka polepole ili asomeke midomoni:

"Kula."

Naye akala. Alijiambia atasema kesho.

Kesho yake kisiagini aliwapa watu wawili kila mmoja unga wa mwenzake. Jioni alikuwa kwenye kigoda kabla hata jiko halijawashwa, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi.

"Leo sina kipya," Annet alisema nyuma yake. "Nimeshinda ndani. Wacha nikupe cha zamani."

Halafu mwanamke mzee akaita ndama. Aliita kwa jina, mara mbili, kwa sauti iliyopasuka kidogo upande mmoja, ikaishia na ulimi uliogongwa kwenye kaakaa. Huyo alikuwa mama mkwe wake, aliyezikwa mwaka wa themanini na moja. Ni sauti hiyo iliyomkaribisha uani alipokwenda kuposa, akiwa kijana mwenye viatu vya kuazima. Ni sauti hiyo iliyomwambia aketi. Alikuwa ameisahau kabisa, hata hakujua kwamba ameisahau. Na sasa ilikuwa hapa Kawangware, inamwita ndama aliyekufa zamani, na ndama, Shivachi aliona, alikuwa karibu kuja.

Hakuthubutu kugeuka. Aliogopa akigeuka sauti ile itakimbia.

Siku ya tatu ndipo mambo yakaharibika. Annet alikuwa mchangamfu. Alisema, "Leo ni mmoja tu, lakini ni mkubwa," akakohoa, na akapaza sauti: "MAMA SELLA! HII CHAI IKO WAPI? AU NYUMBA HII HAKUNA CHAI?" Halafu, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo: "Iko mbele yako, mzee." Halafu tena, ile kubwa: "NANI AMEIWEKA HAPA? WATU HUWEKA VITU BILA KUSEMA!"

Ilikuwa yeye. Ilikuwa yeye hasa, hadi ile pumzi ya puani anayoivuta kabla ya kulalamika. Shivachi alibana midomo, akabana tumbo, akakaza macho kwa kuku wa Muia, lakini kicheko kilimshinda. Kilitoka kama injini inayokataa kushika na mara inashika, akacheka hadi kigoda kikainama.

Nyuma yake hapakusikika chochote. Hata mwiko.

Aligeuka. Annet alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Shivachi akavua kofia. Waya ukaonekana.

"Tangu lini?" Annet aliuliza.

"Jumanne."

"Jumanne." Alihesabu kimoyomoyo yale yote aliyoyasema tangu Jumanne. Akaondoa sufuria motoni, akaiweka chini, akatoka akapita karibu yake bila kumgusa. Alienda kwa Nalianya akakaa huko hadi chakula kikapoa.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko mwaka mzima wa uziwi. Sasa Shivachi alikuwa na masikio na hakuwa na cha kusikia. Annet alipika, akafua, akafagia. Alikuwa bado akisema "Kula" mbele ya uso wake, polepole kama zamani, ingawa haikuhitajika. Shivachi alisikia kijiko, kuku, watu wa vyumba vingine wakisomeana magazeti, na mahali penye mkewe palikuwa na shimo.

Jioni ya pili aliketi mezani badala ya kigodani. Alitoa kisanduku mfukoni, akasukuma kifuniko kwa ukucha, akatoa betri, akamshika Annet mkono na kuiweka betri kiganjani mwake.

"Hii ikae kwako," alisema. Hakujua kama sauti yake ilikuwa kubwa au ndogo. "Ukitaka nisikie, utanipa. Usipotaka, usinipe. Nilikuibia. Nilitaka kukuambia ile siku ya kwanza, lakini ukaanza na Muia, na... Annet, mimi sikujua. Sikujua kwamba uko hivyo."

Aliona midomo ya mkewe ikisogea lakini ilisogea haraka mno. Akatikisa kichwa. Annet alitazama ile betri mkononi, akaigeuza, kisha akanyoosha mkono akachukua kisanduku. Hakujua inaingia upande gani. Alijaribu kinyume, akajaribu tena. Bati, upepo na pumzi za mkewe vikarudi pamoja.

"Nimesema," Annet alisema, "kwamba nilianza kabla ya hiyo Halvik ya kwanza. Ile miaka ulikuwa husikii. Nilikuwa nikiona vitu vinakupita. Unakaa hapo mlangoni na dunia yote inapiga kelele na wewe hupati hata kidogo. Nikawa nakuwekea. Halafu ukapata masikio, nikaona aibu, nikanyamaza. Mtu akinisikiliza, nashindwa. Hata shuleni nilikuwa nashindwa."

"Miaka minne yote ulinyamaza?"

"Ulikuwa unasikia. Ningekuwekea nini?"

Shivachi alifikiria miaka ile minne ya Halvik, jinsi alivyosikia mji mzima na kujidhania ana kila kitu.

"Geuka basi," Annet alisema hatimaye. "Nenda kwenye kigoda chako, uangalie nje. Nikikuona uso sitaweza."

Akaenda. Akaangalia nje. Ilichukua muda, alisikia Annet akikoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Halafu, kwa sauti ndogo inayotetemeka, akatokea mke wa mchungaji, akisema kwamba atazungumza kwa kifupi.

Wiki zikapita. Kigoda kikaanza kugeuka, robo kwanza, halafu nusu. Mwezi wa Septemba Shivachi alikuwa akiketi ubavu, na Annet akimwona sikio moja, lile lenye waya, na akasema hilo halimsumbui. Mara mbili mchana, bila kuombwa, Annet alipita kisiagini, akamfanyia ishara azime injini, akamwigizia sikioni mteja mmoja mzima mzima, kisha akaenda zake.

Oktoba walikwenda Silanga kumwona Sella, Jumapili baada ya kanisa. Omolo alikuwa amechoma samaki. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zake za mabati yanayotumiwa pamoja na jirani, na wote watano walikaa magoti yakigusana. Omolo aliuliza habari za Kawangware, na Shivachi akaanza kusimulia jinsi Muia alivyofunga mfereji kwa kufuli na kupoteza ufunguo, naye mwenyewe yuko ndani anaoga, sabuni mwilini. Alisimulia vibaya. Alifika katikati akakwama.

"Si hivyo," Annet alisema.

Sella aliinua macho kutoka kwenye samaki.

Annet alitazama mikono yake. Akaitazama sakafu. Halafu akavuta pumzi, na Muia akaingia chumbani, puani, amejaa povu, akilaumu kufuli, akimlaumu aliyetengeneza kufuli, akiwaomba akina mama ndoo moja tu kwa jina la Mungu yuleyule aliyemwachia mfereji. Daisy alipiga kelele ya furaha. Omolo aliweka chini kipande cha samaki. Sella alikuwa amefungua mdomo, akimtazama mama yake kama mtu anayeona mgeni ametoka ndani ya kabati la nyumba yake.

"Mama?" alisema. "Mama, ni wewe?"

Shivachi aliongeza sauti kidogo kwa kidole gumba. Alisikia kicheko cha binti yake, cha mkwe, cha mtoto, kila kimoja mahali pake. Na nyuma ya hivyo, kutoka upande wa pili wa bati, akasikia kicheko kingine asichokijua, cha mwanamume mzito, na cha watoto wawili au watatu. Annet naye akakisikia. Akanyamaza ghafla, mkono mdomoni.

Bati likagongwa taratibu kwa vidole.

"Mathe," ilisema sauti ya jirani, "usiachie hapo. Ufunguo ulipatikana?"

Annet alimtazama mumewe. Kisha akageukia lile bati, akalijibu kwa sauti ya Muia.